Msiba Husubiri Jumamosi

Nikisema kwamba vuli ile nilivaa maski moja kwa miezi mitatu, wanaonijua watanipunguzia. Sawa, nipunguzieni. Semeni siku tatu. Lakini maski yenyewe ilitengenezwa ivaliwe mara moja na kutupwa, na sisi tulikuwa tunaihifadhi kwenye bahasha ya kaki yenye jina la mwenyewe, imetundikwa ukutani kama chakula cha watoto wa chekechea. Asubuhi unaitoa, unaikuta na pumzi yako ya jana, unajifunga, kazi inaanza. Neno barakoa lilikuwa bado halijazoeleka midomoni mwetu. Tuliita maski, na ukiivua ilikuachia mifereji miwili mashavuni ambayo mume wangu alisema inatosha kumwagilia mchicha.

Ulikuwa mwaka wa mafua ya nguruwe. Sisi Watanzania wa Maryland tuliyapokea kwa mzaha, kama tunavyopokea kila kitu ambacho hakijabisha hodi kwetu. Kwenye ushirika wetu wa Laurel watu waliacha kitimoto ghafla, watu walewale ambao kiangazi hicho walikaribia kushikana mashati kwa ajili ya mbavu za kuchoma. Nikawaambia, ugonjwa hauko kwenye nyama, uko kwenye huo mkono unaonipa. Walicheka. Mimi ni mtu wa kuchekesha. Hata chuo cha jioni nilikimaliza kwa kucheka: mchana naosha wazee wa watu kule Columbia, jioni nakaa darasani nasoma vyumba vya moyo pamoja na watu wazima waliojifunza kulala macho wazi. Ilinichukua miaka sita. Nikisimulia husema kumi na sita, na hakuna anayebisha, maana waliniona nilivyokonda.

Oktoba ilipofika kicheko kilipungua. Katika wodi yetu ya mahututi kila nesi alizoea kuwa na wagonjwa wawili. Sasa tukawa na watatu, na wote watatu wako kwenye mashine ya kupumulia, na kila mmoja ana sindano zake, mabomba yake, na mama yake anayelia kwenye simu. Manesi nao wakaanza kuugua. Mwenzetu mmoja mjamzito alirudishwa nyumbani akakae. Chanjo ilikuwa inakuja kwa kudonolewa, kidogo leo, kidogo wiki ijayo, nje ya kliniki foleni imezunguka jengo. Msimamizi wa zamu alikuwa ananipigia simu siku zangu za kupumzika kabla jua halijachomoza, hadi mwanangu wa miaka saba akazoea kupokea na kumwambia kwa Kiingereza chake cha puani kwamba mama hayupo, amehamia Afrika. Nilikuwa nakwenda tu. Nikirudi navua nguo zote gereji, baridi inanitafuna, ndipo naingia ndani, na watoto wamefundishwa kunisalimu kutoka juu ya ngazi.

Hapo ndipo alipoletwa yeye. Ilikuwa Alhamisi.

Alikuwa binti wa Njombe, ana miezi minane tu Marekani na miezi saba na ushee ya mimba. Mumewe, kijana mpole, alikuwa dereva wa yale mabasi madogo yanayochukua wasafiri kwenye maegesho ya uwanja wa ndege. Alikuwa amemleta kwa gari lake mwenyewe akidhani ni kikohozi. Kiingereza cha yule binti kilikuwa cha kusalimu na kushukuru, basi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu. Nilipomsalimia kwa Kiswahili kutoka nyuma ya maski na miwani na gauni la plastiki, alitoa macho kama mtu aliyesikia jiwe linaongea.

"Dada, wewe ni wa kwetu?"

"Wa kwenu kabisa, mdogo wangu. Usiongee sana, hewa yenyewe haitoshi."

Daktari alikuwa anaandaa mpira wa kumwingizia kooni. Ilibidi alazwe usingizi. Akanishika kiganja, kucha zake zikapenya glavu zote mbili.

"Kama ni kuchagua," akasema, kila neno kwa pumzi yake, "mtoto kwanza."

"Hapa hatuchagui. Wote wawili."

Nilisema hivyo kwa sauti ileile ninayotumia kuwaambia watu kwamba foleni ya barabara ya Beltway itaisha sasa hivi.

Ijumaa wakamfanyia upasuaji, maana mapafu yake yalishindwa kubeba watu wawili. Akatoka mtoto wa kike, njiti, akapelekwa ghorofa ya juu kwenye wodi ya wenzake. Mama hakujua, alikuwa usingizini. Mimi sikupanda kumwona. Naliandika hili wazi kwa sababu niliulizwa baadaye. Ngazi zilikuwa hatua arobaini, nilizihesabu mwaka mwingine, lakini siku zile tatu nilikula mkate nimesimama na kwenda haja mara moja kwa zamu nzima. Kila nilipotaka kupanda, king'ora cha kitanda fulani kililia.

Jumapili jioni, nikiwa nakaribia kutoka, simu ya mezani ikaita kutoka juu. Nesi wa watoto alitaka nimtafsirie. Mtoto alikuwa amefariki nusu saa iliyopita. Baba na shangazi wa baba walikuwepo, Kiingereza wanakijua, lakini saa ile kilikuwa kimewakimbia. Kule juu wana desturi yao: wanampiga mtoto picha, wanachukua alama za nyayo zake, wanakata kishungi cha nywele, wanaweka kwenye kisanduku kidogo kwa ajili ya mama. Aliomba ruhusa ya familia.

Shangazi ndiye aliyechukua simu. Huyu nimweleze, maana yeye ndiye nguzo ya mambo yote. Anakaa Upper Marlboro, amekaa nchi hii tangu kabla wengine hatujajua kuna ndege. Akizaliwa mtoto yeye ndiye wa kwanza mlangoni na mtori. Akifa mtu yeye ndiye anayepanga nani apike, nani apokee wageni, nani alale na mfiwa. Hakuna Mtanzania katika kaunti tatu ambaye hajalia begani kwake. Mimi mwenyewe nimelia hapo.

"Mwanangu," akasema, "mwambie huyo mzungu hapana. Kwetu mtoto aliyelala hapigwi picha. Unataka mama yake akae miaka anatazama karatasi? Atazaa mwingine, Mungu akipenda."

Nilijua la kusema. Nilishaona familia za watu zikikataa kisanduku kile leo na kurudi kukitafuta baada ya miaka. Ningeweza kumwambia, shangazi, acha picha ipigwe, kisanduku kifungiwe kabatini, asikione mtu hadi mama mwenyewe akitake. Lakini kitanda cha sita kilikuwa kinapiga kelele, na yeye ni mtu mzima, na mimi kwetu nimelelewa. Nikamwambia yule nesi kwamba familia inashukuru lakini haitaki. Nikakata simu, nikakimbilia kitanda cha sita. Mambo yote hayo hayakuzidi dakika moja.

Kesho yake shangazi akaja wodini. Sheria ilikuwa mgeni mmoja kwa wakati, mtu mzima, maski usoni. Alimtazama mke wa mwanawe kupitia kioo, akasali kimya, kisha akanivuta pembeni penye toroli la mashuka.

"Asiambiwe."

"Akiamka atauliza, shangazi."

"Akiamka mwambie mtoto hajambo. Tunazika Jumamosi." Hapo sikushangaa. Marekani msiba husubiri Jumamosi. Siku nyingine hakuna mwenye ruhusa ya kazini. "Jumapili tukitoka kanisani tunakuja sisi wanawake, tunakaa naye, tunamwambia. Mtu haambiwi msiba akiwa peke yake na mabomba. Hapa wewe si nesi, mwanangu. Wewe ndiye dada yake."

Nilikubali. Sitaki kusema nililazimishwa. Baba yangu alifariki zikiwa zimebaki siku kumi na moja nifanye mtihani wa leseni. Kaka zangu walikaa kikao Morogoro wakaamua nisiambiwe. Nilipopiga simu Jumapili kama kawaida, kaka akasema mzee ameshinda shamba. Nikafanya mtihani, nikafaulu, nikapiga simu kwa vigelegele ili baba anisikie, ndipo kaka mkubwa akaniuliza kama nimekaa au nimesimama. Nilinuna mwezi mzima. Halafu, taratibu, nikaanza kuwatetea. Nilikuwa nawaambia watu kwamba wale kaka zangu ndio walionipa hiki cheti, maana ningeambiwa siku ile leo ningekuwa bado naosha wazee. Nimeisimulia hadithi hiyo kwenye sherehe, watu wakacheka huku wanafuta machozi. Kwa hiyo shangazi aliponiambia mwambie mtoto hajambo, niliona ni kitu kinachofanywa na watu wanaokupenda.

Jumatano asubuhi wakamtoa mpira kooni. Daktari alituita kando kabla. Alijua habari ya familia kutaka kusubiri. Akasema, tutawapa nafasi, lakini akiuliza mwenyewe asidanganywe. Mniite, tutampata mkalimani kwenye simu, tumwambie pamoja. Akanitazama mimi hasa. Nikaitikia kwa kichwa.

Hazikupita dakika kumi na tano. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa stoo.

"Dada. Mtoto?"

Daktari alikuwa hatua sita kutoka pale, mgongo umetugeukia, anaandika. Ndani ya chumba kile hakuna hata mtu mmoja aliyejua ninachosema isipokuwa yeye na mimi.

"Hajambo," nikasema.

"Wa kiume?"

"Wa kike."

"Analia?"

Ningeishia hapo. Ningesema ndiyo, nikaenda kupima presha. Lakini mimi ni mimi. "Analia? Mdogo wangu, wodi nzima ya juu hailali! Manesi wameomba kuhamishwa. Analia kama mama mkwe aliyenyimwa chai."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamtoa machozi, na bado alikuwa anacheka kwa macho. Daktari akageuka, akauliza kwa nini. Nikamjibu kwamba nimemtania kidogo kumpa moyo. Akafurahi. Akaniambia wangekuwa wengi kama mimi, wodi ingepona.

Mchana maziwa yakaja. Mwili haujui kikao. Kifua chake kilikuwa kimejaa hadi kimekuwa kigumu kama kibuyu, shuka limelowa, na yeye anatazama lile doa kwa fahari.

"Yake haya," akasema. "Nikamulie umpelekee. Njiti wanahitaji sana, niliwahi kusikia."

Nikaleta mashine ya kukamulia. Kitabibu ilikuwa sawa, alikuwa na maumivu, ilibidi apunguziwe. Nilijiambia hivyo. Mikono yake haikuwa na nguvu ya kushika hata kijiko, basi nikamshikia mimi, titi moja kisha la pili, na yeye anatazama chupa inavyopanda tone kwa tone. Ya kwanza yalikuwa ya manjano. Akataka niandike jina. "Jina bado," nikasema. Akafikiri, akasema, "Andika 'wa mama.' Baba yake atampa jina." Nikaandika hivyo kwenye plasta, nikaibandika.

Nikatoka na ile chupa mkononi, moto bado. Kwenye korido nilikutana na mwenzangu Mfilipino, mama mzima wa miaka zaidi ya hamsini, mtu ambaye tulikula naye wali wetu na wali wao miaka yote. Akatazama chupa, akatazama mlango niliotokea. Alikuwa anajua mtoto amefariki, sote tulijua.

"Hujamwambia," akasema.

"Jumapili. Familia itakuja."

"Jumapili atakuwa ameshazikwa." Akashusha sauti. "Yuko hapa chini mochwari mpaka Ijumaa jioni, halafu wanakuja kumchukua. Mwambie leo. Kesho mimi na wewe tunasukuma kitanda na mashine zake zote, tunamshusha, au tunamleta mtoto huku juu. Amshike. Nimewahi kufanya. Inachukua nusu saa."

Niliingia chumba cha uchafu, nikamwaga maziwa kwenye sinki, nikafungulia maji. Nikasimama hapo nikampigia shangazi.

"Shangazi, yuko macho. Ana akili zake. Anaweza kumwona mtoto kabla ya Jumamosi."

"Amwone vipi? Amwone amekufa?" Sauti yake ilikuwa inatetemeka, nilidhani ni hasira, kumbe naye alikuwa hajalala tangu Jumapili. "Mapafu ndiyo kwanza yameanza kushika. Ukimwambia leo akakata pumzi, utaniambia nini? Utamwambia nini mume wake? Una hakika atapona?"

Sikuwa na hakika. Nesi yeyote wa mahututi akikwambia ana hakika, mwangalie mara mbili. Juma lile tulikuwa tumepoteza wawili waliokuwa wameshaanza kuomba chakula.

Nikampigia mume. Alikuwa kazini, nyuma yake nilisikia masanduku yanapakiwa. Nilimweleza.

"Dada, mimi sijui," akasema. "Leo nimepitiliza kituo mara mbili, abiria wamenipigia kelele. La shangazi ndilo langu."

Na la kwao likawa langu. Alhamisi nikamkamulia asubuhi na jioni. Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Simu ikaita, nikaenda, tena siku hiyo sikusubiri wanibembeleze. Niliogopa akiuliza mtu mwingine. Saa kumi jioni, nikiwa nimemshikia chupa, nilimwona mwenzangu Mfilipino amesimama nje ya kioo. Alinyoosha kidole sakafuni, kisha akaonyesha mlangoni. Nikaelewa. Walikuwa wamekuja na gari.

"Leo yamekuja mengi," yule binti akasema. "Ona."

"Naona."

"Wewe dada mbona macho mekundu?"

"Hii maski. Inanipumulia machoni."

Jumamosi walizika. Mume wangu alikwenda. Mimi nilikuwa zamu. Aliniambia baadaye kwamba jeneza lilibebwa na mtu mmoja, baba mtu, mikononi, kama anayeleta keki. Sikumuuliza zaidi. Siku hiyo mgonjwa wangu alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza. Alikuwa anauliza mbona mumewe hajaja tangu aamke, mbona shangazi hapigi. Nikasema foleni. Nikasema kuna ajali imefunga njia zote kutoka Laurel hadi Virginia, malori matano yamepinduka, moja la kuku, kuku wametapakaa barabarani. Alicheka hadi nikaogopa mshono.

Jumapili wakaja.

Nimewahi kusikia watu wakieleza jinsi ya kutoa habari mbaya: kaa chini, tumia maneno mepesi, shika mkono. Sisi hatukuhitaji hata neno moja. Walikuwa wanawake watatu, shangazi na wenzake wawili, na kwa kuwa sheria ilikuwa mtu mmoja ndani, wawili walibaki nje ya kioo na makoti yao, kanga zimefungwa juu ya makoti. Mgonjwa akawatazama. Wanawake wetu hawaji kumwona mgonjwa mikono mitupu. Wangekuja na hotipoti ya supu, na uji kwenye chupa ya chai, na ugomvi wa nani ameweka chumvi nyingi. Hawa walisimama tu, mikono imekunjwa tumboni.

Shangazi aliingia, akakaa kitandani, akaanza, "Mwanangu, mapenzi ya Mungu..."

Yeye hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Lini?"

"Mwanangu, nisikilize mimi," shangazi akasema.

"Lini, dada?"

"Jumapili," nikasema.

"Leo?"

"Iliyopita."

Akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya shuka. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kidole cha Jumatano akakishika, hakukiachia.

"Ulisema analia."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulisema manesi wameomba kuhamishwa."

Shangazi akamshika mabega. Aliuliza amezikwa wapi, akaambiwa. Aliuliza nani alimvalisha, shangazi akasema, mimi mwenyewe kwa mikono hii, gauni jeupe na kofia. Aliuliza kila kitu kwa ile sauti ya mlango wa stoo, hakuna hata chozi moja, na sisi wenye machozi tulikuwa tunajifuta.

"Maziwa?"

"Nimeyamwaga," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi!" shangazi akasema haraka. "Nyeusi ti, kama zako, hadi kofia ilikuwa haimwenei."

Yule binti akafumba macho, akafumbua, akanigeukia. "Ni kweli?"

"Sikumwona, mdogo wangu. Sikupata nafasi ya kupanda."

Aliniangalia muda mrefu. Lilikuwa jambo la kweli nililomwambia baada ya siku zote zile, na nikaona wazi kabisa kwamba hakuliamini. Kwake yeye nilikuwa nimemwona mtoto na sasa nakataa kumwambia alivyokuwa, na shangazi anabuni nywele tu kumpoza. Akauliza kama kuna picha. Nilimtazama shangazi, shangazi akatazama viatu vyake, na nje ya kioo mmoja wa wale wanawake alikuwa ameanza kulia kwa sauti ambayo sisi ndani hatukuisikia, tuliona mdomo tu.

"Vua hiyo," akaniambia.

"Nini?"

"Hiyo ya usoni. Nikuone."

Ilikuwa kinyume cha kila kanuni iliyobandikwa mlangoni. Nikaivua. Akanichunguza, mistari yangu ya mashavuni, pua, kinywa. Alikuwa hajawahi kuniona. Alinijua kwa macho na sauti.

"Nilidhani wewe ni mtu mzima zaidi," akasema.

Kisha akasema, bila ukali, kama anayeomba mto: "Mwambie mkubwa wako anipe nesi mwingine."

"Nani? Hakuna mwingine anayejua Kiswahili."

"Ndiyo. Asiyejua."

Nilikwenda kwa msimamizi wa zamu nikamwambia mgonjwa anaomba nesi mwingine. Akauliza sababu, nikampa sababu, yote, na la daktari pia. Akaandika. Yaliyofuata kati yangu na ofisi hayana uzito hapa. Walinipa onyo, wakanihitaji kesho yake saa moja asubuhi kama kawaida, maana watu walikuwa hawatoshi. Shangazi nilimkuta kwenye viti vya korido amevua viatu.

"Angekufa, mwanangu," akasema.

"Hakufa, shangazi."

Alinyanyua mkono kunishika, nikauacha anishike, lakini sikumwegemea.

Mgonjwa alipewa yule Mfilipino. Mimi nikapewa vitanda vya upande wa pili, na kati yetu palikuwa na kioo. Jumatatu niliwaona. Alikuwa anataka kitu, anasema neno moja mara nyingi, na mwenzangu anainama, anaonyesha blanketi, anaonyesha mto, anaonyesha dripu. Kwa midomo nilijua ni mgongo, mgongo unamuuma, anataka ageuzwe. Nilikuwa hatua kumi. Nilishika kitasa cha mlango. Akaniona, akaacha kusema. Mwenzangu akamletea maji, na yeye akayapokea, akayanywa yote.